Shemeji anasema niongeze maji tu, lakini ujumbe unarudi

Mpendwa Mshauri,

Naendesha gari la haibridi, linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, lililotembea kilomita 190,000. Wiki saba zilizopita, nikipanda mlima asubuhi, dashibodi iliniandikia kwamba kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, imepungua. Nilipofika tambarare maandishi yakafutika. Baada ya siku tatu yakarudi kwenye kona, yakafutika tena. Sasa yanatokea karibu kila nikipanda mwinuko gari likiwa bado baridi.

Fundi wa gari hili ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ametuhudumia miaka yote bila kututoza ufundi, na ni mtu wa moyo safi. Alifungua boneti, akatia kama nusu lita ya kulanti ya kijani, akajazia kwa maji ya bomba, akasema sensa imechoka. Siku ya 12 ujumbe ukarudi, akaongeza tena. Mara ya tatu nimeongeza mwenyewe, kama mililita 300. Chini ya gari sioni hata tone, na nakagua sakafu kila siku.

Kuna jambo jingine. Asubuhi injini ikiwaka kwa mara ya kwanza inatetemeka sekunde kumi hivi, gari zima linatikisika, kisha inatulia mpaka kesho yake. Taa ya injini iliwaka mara moja, ikazimika yenyewe baada ya siku mbili. Taa nyekundu ya joto haijawahi kuwaka.

Nilipita kwa fundi mwingine bila kumwambia mtu. Alinisikiliza, hata boneti hakufungua, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imekwisha na injini lazima ishuke. Nilipomdokezea mume wangu alikasirika. Alisema namvunjia ndugu yake heshima, na kwamba haibridi ni gari kama magari mengine. Shemeji naye alisikia. Hakusema kitu, ila amenunua dawa ya kuziba uvujaji na anataka kuimimina Jumamosi hii.

Wiki mbili zijazo tuna safari ya kifamilia ya kilomita 400 kwenda na nyingine 400 kurudi, tukiwa na watoto, na wote wanalitegemea gari hili. Nikinyamaza naogopa kukwama njiani. Nikisema, naonekana nimemdharau shemeji. Nifanye nini?

Anayetazama chupa kila asubuhi

*

Dada yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimeona mizigo miwili uliyoifunga kwenye kamba moja. Mmoja ni wa gari linalopoteza kulanti pasipojulikana. Mwingine ni wa shemeji aliyewatendea wema miaka mingi, ambaye sasa kumhoji kunaonekana kama kumkana. Niruhusu nianze na wa gari, kwa sababu nadhani ukishafunguka, ule wa pili utapungua uzito.

Umeniandikia mengi kwa uangalifu, lakini kuna kitu kimoja hukukitaja, na huenda hata mafundi wako wawili hawakukiuliza: ni chupa ipi ya kulanti inayopungua? Haibridi nyingi zina mizunguko miwili ya kulanti isiyochanganyika. Mmoja unapoza injini, na mara nyingi hubeba lita 5 hadi 8. Wa pili ni mdogo, mara nyingi lita 2 hadi 4, nao unapoza inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uwe umeme wa kuendesha mota. Kila mzunguko una chupa yake, pampu yake na njia zake. Hapo ndipo kauli ya mume wako kwamba haibridi ni gari kama magari mengine inapopungukiwa kidogo, ingawa naelewa kwa nini anaamini hivyo: ukifungua boneti, chupa mbili zinafanana kama mapacha.

Jibu la swali hilo ndilo litakalosema nani yuko karibu na ukweli. Mzunguko wa inveta haupiti kwenye silinda hata kidogo. Ikiwa chupa yake ndiyo inayoshuka, basi hadithi ya gasketi haihusiki na upotevu huo. Kulanti inatoka kwenye mpira, klempu, redieta, pampu ya umeme, ufa wa chupa, au kwa nadra ndani ya inveta yenyewe. Mtetemo wa asubuhi utakuwa na chanzo chake kingine, labda plagi au koili. Ikiwa ni chupa ya injini, fundi wa pili anaweza kuwa amepatia, lakini amepatia kwa kukisia. Kitabu cha gari kinaonyesha chupa ipi ni ya nani. Kisome kabla ya kugusa chochote, kwa sababu nina wasiwasi kwamba katika zile mara tatu, huenda kulanti imetiwa kwenye chupa isiyo na shida.

Sasa tuangalie dhana chache mlizozishika nyumbani kwenu. Shemeji anasema ni sensa. Sensa mbovu kwa kawaida haichagui mlima na tambarare. Ujumbe unaokuja ukipanda na kufutika ukitulia unaonyesha kiwango kilicho mpakani: kimiminika kinahamia upande mmoja wa chupa, sensa inabaki hewani. Asubuhi gari likiwa baridi ndipo kulanti imesinyaa na kiwango kiko chini zaidi, ndiyo maana ujumbe unapenda saa hizo. Isitoshe, mmeshaongeza zaidi ya lita moja. Kimiminika hicho kimekwenda mahali.

Wewe nawe unasema hakuna tone sakafuni. Magari mengi ya haibridi yana plastiki pana chini ya injini, nayo inakinga matone na kuyasambaza mpaka yakauke. Uvujaji mdogo kwenye sehemu ya moto hugeuka mvuke kabla haujadondoka. Unachotafuta basi ni alama: ukoko mkavu wa rangi nyeupe, kijani au pinki kwenye maungio ya mipira, kwenye kitundu kidogo chini ya pampu, na pale tangi la plastiki la redieta linapobanwa na bati. Tafuta pia ndani. Harufu tamu hita ikiwashwa, kioo cha mbele kinachopata ukungu wenye utelezi, au zulia lenye unyevu miguuni pa abiria humaanisha redieta ndogo ya hita inavuja.

Halafu ile taa nyekundu ambayo haijawaka. Usiitegemee sana, dada. Sensa ya joto inapima kimiminika kinachoigusa. Kulanti ikipungua sana na sensa ikabaki kwenye hewa, inaweza kusoma joto la chini wakati chuma kinaungua. Dalili ya mapema ni hita inayopuliza baridi ghafla injini ikiwa moto, au sauti ya maji yanayogugumia nyuma ya dashibodi. Ukisikia hayo, kuna hewa ndani ya mfumo.

Mtetemo wa asubuhi ndio unaonisumbua zaidi kuliko ujumbe wenyewe. Kulanti kidogo inapopenya usiku na kuingia kwenye silinda, plagi inalowa, silinda hiyo inapiga misi, yaani inashindwa kuchoma mafuta, sekunde chache, kisha inakauka na injini inatulia. Picha hiyo inafanana mno na uliyoieleza, lakini kufanana si kuthibitisha. Ajabu ya haibridi nyingi ni kwamba injini haizungushwi na stata ndogo. Inazungushwa na mota kubwa yenye nguvu. Silinda ikiwa na kimiminika kingi, pistoni inagonga kitu kisichobanika, na mota hiyo inaweza kupinda mkono wa pistoni. Kwa hiyo mtetemo ukizidi, au ukisikia kishindo injini inapowaka, usiendelee kuiwasha ili kuona kama itatulia. Zima, gari livutwe.

Hata kama kulanti inaingia kwenye silinda, bado si lazima iwe gasketi. Injini nyingi za haibridi zina mfumo wa EGR, unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini baada ya kuupoza kwa kulanti. Kipoozeo hicho kikitoboka ndani, kulanti hufuata njia ya hewa hadi kwenye silinda na dalili zinakuwa zile zile. Kukifungua na kukikagua ni kazi ndogo kuliko kushusha injini. Kikiwa kimeziba kwa masizi nacho ni habari, maana moshi ukigawanyika vibaya silinda nyingine hupata joto zaidi. Ndiyo maana kauli ya kwamba injini lazima ishuke, ikitolewa na mtu ambaye hakufungua boneti, isikutie hofu kupita kiasi. Katika hilo shemeji yako, asiyekimbilia kushusha injini, ana busara yake.

Kabla ya Jumamosi kuna kazi unayoweza kuifanya mwenyewe kwa asubuhi kadhaa. Gari likae mahali sawa usiku mzima, likiwa limezimwa kabisa na ufunguo uko mbali, kwa sababu haibridi ikiachwa kwenye READY, yaani tayari kutembea, injini inaweza kuwaka yenyewe mikono yako ikiwa karibu na feni. Usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Umeme wake ni wa mamia ya volti. Mulika kila chupa kwa tochi kutoka nyuma, uone usawa wa kimiminika, ubandike kipande cha gundi ya karatasi pale ulipo. Andika tarehe, kilomita, na chupa ipi. Ukilazimika kuongeza, pima kwa kikombe chenye alama za mililita, na ishia kwenye mstari wa FULL wa gari baridi. Kifuniko kifunguliwe asubuhi tu, kwa kitambaa, robo zungusho kwanza. Kwenye gari lililotoka kutembea, kulanti inashikiliwa na shinikizo, na kifuniko kikiachia hurushwa usoni ikiwa karibu na nyuzi 100 au zaidi. Tandika pia boksi safi lililokunjuliwa chini ya gari usiku.

Baada ya siku nne au tano utakuwa na namba. Mililita 300 zikipotea kwenye mzunguko wa lita 7 ni jambo la kushughulikiwa. Zikipotea kwenye mzunguko wa inveta wenye lita 2 hivi, ni sehemu kubwa, na pampu inaweza kuanza kuvuta hewa. Inveta isiyopozwa hupunguza nguvu za gari ili ijilinde, na mwisho inaweza kulisimamisha kabisa. Kwenye haibridi za Toyota, hitilafu ya mzunguko huo huandikwa P0A93 kwenye mashine ya kusoma kodi, yaani alama za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. Kwenye nyingi kati yake unaweza pia kuona kimiminika kikichezacheza ndani ya chupa ya inveta gari likiwa READY. Kikiwa kimetulia kama maji ya mtungi, pampu inatiliwa shaka.

Kuna vipimo vinavyohitaji vifaa, na gereji nyingi zinavyo. Cha kwanza ni pampu ya shinikizo: inafungwa mahali pa kifuniko injini ikiwa baridi, inapandishwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida karibu bari 1.1, inaachwa dakika 20. Mshale ukishuka na unyevu ukaonekana nje, mmepata tundu. Ukishuka bila unyevu, iachwe na shinikizo usiku kucha, asubuhi plagi zifunguliwe kabla injini haijazungushwa, kamera ndogo iingizwe kila silinda. Kichwa cha pistoni kilichong'aa peke yake wakati vingine vina masizi kimeoshwa na mvuke. Cha pili ni kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya moshi ndani ya kulanti. Kikigeuka, mmepata jibu. Kisipogeuka hamjapata, kwa sababu uvujaji mdogo unaweza kukwepa. Kipimo hicho kinataka injini iendelee kuwaka, na haibridi huizima. Kwa Toyota Prius na ndugu zake kuna njia: ndani ya sekunde 60, gari likiwa ON bila kuwashwa, kanyaga aksileta mara 2 ukiwa P, mara 2 ukiwa N, mara 2 tena ukiwa P, kisha kanyaga breki na uwashe. Injini haitajizima mpaka uzime gari. Cha tatu ni kusoma kodi. Taa yako ilizimika, lakini mara nyingi kumbukumbu yake hubaki. Kodi kati ya P0301 na P0304 itataja silinda iliyopiga misi.

Niseme wazi kuhusu ile dawa ya kuziba. Inafanya kazi kwa kuganda penye njia nyembamba, na haijui njia ipi ni tundu na ipi ni ya lazima. Vijia vya kupoza inveta ni vyembamba, redieta ya hita pia. Ikimiminwa kwenye chupa isiyo sahihi, mnaweza kuongeza tatizo jipya kwenye kifaa kilichokuwa kizima. Na hata kwenye injini inavuruga kipimo cha shinikizo, mkabaki hamjui mlichokiziba. Ukiniuliza ni neno gani moja la kumwombea shemeji asubiri, ni hilo.

Kuhusu kulanti ya kijani na maji ya bomba, msilaumiane. Ni kosa la kawaida, kwa kuwa rangi inadanganya. Rangi si kiwango. Ile ya pinki ya Toyota, kwa mfano, huja ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu na haina silikati, wakati ya kijani ya zamani mara nyingi inayo. Zikichanganyika, kinga dhidi ya kutu hupungua na wakati mwingine utando huganda. Maji ya bomba yana chumvi zinazoacha magaga na kula alumini. Lakini msikimbilie kusafisha mfumo leo. Tundu litafutwe kwanza, la sivyo kulanti mpya nayo itapotea. Baadaye mzunguko ulioguswa umwagwe, ujazwe maji yaliyosafishwa kama ya betri, gari liwashwe (kama ni mzunguko wa injini, mpaka themostati, vali inayoruhusu kulanti kwenda kwenye redieta, ifunguke), umwagwe tena hadi yatoke meupe, ndipo ujazwe kulanti ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, na hewa itolewe. Mnachomwaga kikusanywe kwenye chombo na kifunikwe: ni sumu yenye ladha tamu, na watoto na wanyama huvutiwa nayo.

Sasa nirudi kwa shemeji. Umeandika kwamba ukisema, utaonekana umemdharau. Je, una hakika ni yeye atakayeona hivyo, au ni mume wako aliyesema kwa niaba yake? Kwenye barua yako shemeji mwenyewe hakusema kitu. Alikwenda kununua dawa. Inaweza kuwa ameumia. Inaweza pia kuwa naye ana wasiwasi na hiyo ndiyo njia aliyoiona. Huenda kilichomchoma ni kusikia kwamba ulikwenda kwingine kimyakimya. Hilo ni jambo la kuombana radhi, na halina uhusiano na kama gasketi ni nzima.

Njia unazo kadhaa. Unaweza kumwita na daftari lako la namba umwambie, "Shemeji, nimepima siku tano, inayopungua ni chupa hii, naomba kabla ya dawa tupime kwa shinikizo, wewe ukiwepo." Hapo anabaki fundi wako, na kifaa mnaweza kukiazima. Hatari yake ni kwamba huenda hana uzoefu wa upande wa umeme mkubwa, na akaona aibu kusema. Unaweza kuomba mwende wote wawili kwenye gereji yenye mashine ya kusoma haibridi, yeye akisimamia. Wengine hulipenda hilo, wengine huona wamewekwa mtihanini, na wewe unamjua kuliko mimi. Unaweza kupitia kwa mume wako kwanza, ukimwonyesha namba badala ya maoni. Au unaweza kwenda peke yako tena, upate jibu haraka, na ubebe gharama ya siri ya pili. Sitakuchagulia.

Safari nayo ina sura tofauti kulingana na chupa. Kilomita 400 za mwendo sawa zinaweza kupita salama hata gasketi ikiwa imeanza kuchoka, kumbe hatari ikawa asubuhi ya kurudi, gari limelala na shinikizo, injini inawashwa baridi mkiwa mbali na nyumbani. Mkiwa na majibu ya kipimo kabla, mtaamua kwa macho. Mkiwa hamna, fikiria kama kuna gari jingine la kuazima. Mkiamua kwenda nalo hata hivyo, chukueni lita 2 za kulanti sahihi, tochi, kitambaa kinene na glavu, na mkague chupa zote mbili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ujumbe ukija njiani, simama mahali salama na uzime. Taa nyekundu ikiwaka mkiwa bado mnatafuta mahali pa kusimama, fungua hita hadi mwisho, itanyonya joto kidogo. Subirini angalau saa moja kabla ya kugusa kifuniko, na msimimine maji baridi kwenye injini ya moto.

Anza kesho asubuhi na chupa mbili na tochi. Kitabu cha gari kiwe mkononi, na kama shemeji yuko karibu, mwite muangalie pamoja.

Mshauri wako